Uzi: Kitabu kimeandikwa "Ngazi ya 2" lakini mtoto wa darasa la pili hakiwezi. Tunachaguaje vitabu vya kusoma darasani?

#1 Mwanzisha uzi

Walimu wenzangu, wazazi na wakutubi, salamu kwenu nyote.

Nimefundisha madarasa ya mwanzo kwa miaka kadhaa, na kwa muda mrefu nilikuwa nikigawa vitabu kwa kufuata namba iliyochapishwa kwenye jalada. Kilichoandikwa Ngazi ya 1 nilimpa mtoto wa darasa la kwanza, cha Ngazi ya 2 nikampa wa darasa la pili, nikaamini kuwa mchapishaji amekwisha kunifanyia kazi. Siku moja niliketi na mtoto ambaye kila mtu alimsifu kwa kusoma. Alisoma kurasa nne bila kukwama hata mara moja, kwa sauti ya kujiamini kabisa. Nilipofunga kitabu na kumuuliza yule mbuzi wa hadithi alikwenda wapi, alinitazama kwa mshangao akasema, "Mbuzi yupi, mwalimu?"

Ilinichukua muda kukubali kwamba kosa halikuwa la mtoto. Nilikuwa nimemchagulia kitabu kwa kuangalia jalada na kwa kusikiliza ulimi wake, bila kuangalia kingine chochote.

Kiswahili kinatudanganya sana hapa, na ninadhani ni vyema tulielewe jambo hili kabla ya kuzungumzia ngazi. Lugha yetu ina irabu tano tu, karibu kila silabi inaishia kwa irabu, na herufi inatamkwa vilevile popote inapokaa. Mtoto aliyezishika silabi anaweza kutamka karibu neno lolote utakalomwekea, hata lile ambalo hajawahi kulisikia maishani. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wanaojifunza kusoma katika lugha 13 za Ulaya, wakaonyesha kuwa wale wa lugha zenye tahajia nyoofu, kama Kifini, walikuwa wakisoma maneno kwa usahihi mkubwa kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule, ilhali wa Kiingereza walihitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kiswahili hakikuwemo katika utafiti ule, lakini tahajia yetu ni ya kundi la Kifini na wala si la Kiingereza. Maana yake ni kwamba kipimo cha "ametamka maneno yote" kina uzito mdogo kwetu kuliko kwa mwalimu wa Kiingereza, na ndiyo maana kasuku wengi wanapita darasani mwetu wakipigiwa makofi.

Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili mwaka 1986 kwa hesabu fupi: uwezo wa kusoma ni uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa ukizidishwa kwa uwezo wa kuielewa lugha inaposemwa. Walizidisha, hawakujumlisha. Ukizidisha kwa sifuri unapata sifuri, hata kama upande wa pili ni mkubwa kiasi gani. Mtoto wangu wa mbuzi alikuwa na upande mmoja uliojaa na mwingine mtupu, kwa kuwa Kiswahili cha hadithi ile hakikuwa Kiswahili alichokizoea masikioni.

Basi kitabu kinachomfaa mtoto hupimwaje? Kipimo cha zamani ninachokitumia bado ni cha Emmett Betts, aliyekiandika mwaka 1946. Aligawa vitabu katika makundi matatu kulingana na msomaji aliye mbele yako. Mtoto akitambua maneno 99 kati ya 100 na kuelewa angalau asilimia 90 ya anachosoma, kitabu hicho anaweza kukaa nacho peke yake. Akitambua yapata asilimia 95 na kuelewa asilimia 75, kitabu kinafaa kusomwa naye mwalimu akiwa karibu. Akishuka chini ya asilimia 90 ya maneno, au chini ya nusu ya uelewa, kitabu kinamkatisha tamaa. Namba hizi zina wapinzani, na wana hoja, lakini kwa mwalimu anayeanza bila chochote ni mahali pazuri pa kusimama.

Kupima si kazi kubwa. Marie Clay wa New Zealand alituachia njia ya kumsikiliza mtoto ukiwa na karatasi na kalamu tu: kila neno alilolisoma sawasawa unaliwekea alama ya vema, na alilolikosea unaandika alichosema badala yake. Akijikosoa mwenyewe kabla hujamsaidia, hilo halihesabiwi kuwa kosa. Tuseme kifungu kina maneno 60 na amekosea manne. Amepata 56 kati ya 60, yaani asilimia 93 na kidogo. Kitabu hicho si cha kumpa aende nacho nyumbani, ila mkikisoma pamoja hakitamshinda. Baada ya hapo funika kitabu, umwambie akusimulie. Usimuulize maswali ya "nani alifanya nini" peke yake, kwa sababu mtoto mjanja hujibu kwa kunyofoa neno kutoka kwenye swali lenyewe. Muulize kwa nini mbuzi aliondoka, na unadhani nini kitafuata.

Makosa yenyewe yana habari nyingi kuliko idadi yake. Mtoto anayesoma "alikuja" mahali palipoandikwa "alikuwa" anaangalia mwanzo wa neno kisha anabahatisha mwisho. Anayesoma "chunga" badala ya "chungwa" hajafundishwa silabi "ngwa", na tunda lenyewe analijua vizuri mno. Huyu wa pili hahitaji kitabu chepesi zaidi. Anahitaji dakika tano za "ngwa", "mbwa" na "ndwa", kisha arudi kwenye kitabu kilekile.

Ndipo nikafikia swali ambalo sasa nalitanguliza kabla ya lolote: mtoto atakisoma kitabu hiki na nani? Akiwa peke yake, akiwa nami, au atasomewa? Mtoto yuleyule, wiki ileile, anastahili vitabu vitatu vya uzito tofauti. Cha kusomewa kinaweza kuwa kigumu kwake mara mbili au tatu kuliko cha kusoma mwenyewe, na ni hicho kinachoujaza ule upande mtupu wa hesabu ya Gough na Tunmer. Namba ya kwenye jalada haiwezi kuliona jambo hili, kwa kuwa haijui mtoto ameketi na nani.

Ningependa kusikia ninyi mnafanyaje. Naomba kuwasilisha.


#2 Mwalimu wa darasa la kwanza

Mwalimu mwenzangu, nakushukuru kwa uzi huu, lakini naomba unielewe ninapouliza swali la mtu aliyechoka. Darasa langu lina watoto zaidi ya 70. Nikimsikiliza kila mmoja kwa dakika tano tu, nimetumia karibu saa sita nzima bila kufundisha chochote. Mimi huwafundisha watoto kanuni ya vidole vitano: fungua ukurasa, kunja kidole kwa kila neno usilolijua, na vidole vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kirudishe kitabu ukachukue kingine. Mtoto anajichagulia mwenyewe nami napumua. Je, hilo halitoshi?


#3 Mwanzisha uzi

Swali lako ni la haki, Mwalimu, na wala sitajifanya kuwa darasa la watoto 70 linaendeshwa kama la watoto 20.

Kanuni ya vidole ni nzuri kwa sababu inamfundisha mtoto kujiuliza kama anaelewa. Udhaifu wake ni hesabu. Vidole vitano kwenye ukurasa wenye maneno 100 ni makosa matano katika mia, yaani asilimia 95. Vidole vitano hivyohivyo kwenye ukurasa wa maneno 50 vinatupeleka asilimia 90, ukingoni kabisa. Sasa chukua kitabu cha darasa la kwanza chenye maneno 20 kwa ukurasa: mtoto atakunja vidole vinne, aone bado kimoja kimebaki, aendelee kwa furaha huku akiwa ameshindwa neno moja katika kila matano. Kwa vitabu vya namna hiyo mimi nasema kidole kimoja. Viwili ni onyo, vitatu ni kurudisha kitabu. Tena kuna watoto wasiokunja kidole kwa sababu hawajui kwamba hawajui: wakilitamka neno wanahesabu kuwa wamelijua. Wafundishe wakunje kidole pia kwa neno ambalo wamelisoma lakini hawawezi kulieleza kwa jirani.

Kuhusu muda, usiwapime wote kwa kina. Anza na mchujo mwepesi. Shirika la Pratham la India limeutumia kwa miaka mingi, na zana yake ni karatasi moja yenye sehemu nne: herufi, maneno, aya fupi na hadithi. Kwa Kiswahili tunaweza kuweka silabi mahali pa herufi. Mtoto anaanzia kwenye aya. Akiiweza anapanda kwenye hadithi, asipoiweza anashuka kwenye maneno. Kwa kila mtoto ni dakika moja au mbili. Ukiwasikiliza watoto sita kwa siku wenzao wakiwa wanaandika, baada ya wiki mbili na ushee umewajua wote, kwa makundi manne. Kile kipimo kirefu cha maneno 60 au 100 kiweke kwa wale wanaokutatiza, yaani wanaotamka bila kuelewa na wale waliokwama mahali pamoja tangu muhula uliopita.


#4 Mzazi

Naomba kuingia ingawa mimi si mwalimu. Mwanangu ana miaka saba. Huleta nyumbani vitabu vyepesi sana, ambavyo anavisoma huku akitazama dari, kwa maana amekwisha kuvikariri. Nikimpa kitabu kikubwa cha nyumbani anakwama kila mstari, tunaishia kugombana, naye anakwenda kulala akilia. Niendelee kumbana au nimwache na vyepesi vyake? Nisingependa abaki nyuma.


#5 Mwanzisha uzi

Mzazi mwenzangu, pole kwa machozi hayo, na nadhani mnaweza kuyakomesha usiku wa leo bila kununua chochote. Kile kikubwa msomee wewe. Soma kwa sauti, simama mahali penye mvuto, mwache aseme kitakachotokea, kisha endelea. Si lazima asome hata neno moja, na asikuambie mtu kuwa huko ni kumdekeza. Msamiati wa vitabu unaingia kwa masikio kabla ya kuingia kwa macho.

Vile anavyovikariri usividharau, ila vipime. Mfungulie ukurasa wa katikati, weka kidole chini ya neno moja, umwambie alisome hilo peke yake. Akiweza, basi anasoma kweli, na urahisi anaouona ni matunda ya mazoezi: jicho lake limeanza kulitambua neno zima bila kuligawa silabi kwa silabi, na hapo ndipo kasi inapozaliwa. Akishindwa mpaka arudi mwanzo wa ukurasa na kughani kama wimbo, basi amekariri, na mwalimu wake anapaswa kuambiwa kwa upole ili ambadilishie.


#6 Mwalimu wa darasa la tatu

Nimesoma michango yote kwa makini na ninaomba kupingana na mwanzisha uzi katika jambo moja, kwa heshima zote. Hizi asilimia 95 na 99 tumezigeuza kuwa ukuta. Betts alizipendekeza mwaka 1946, na ushahidi uliozibeba ulikuwa mwembamba kuliko heshima ambayo tumezipa tangu wakati huo. Mtafiti Timothy Shanahan amekuwa akilisema hili kwa miaka: kumfungia mtoto katika "ngazi yake" kunaweza kumfanya asikutane kamwe na maandishi ambayo wenzake wanayasoma. Mwaka 2000 Alisa Morgan na wenzake waliwachukua watoto wa darasa la pili waliochelewa kusoma, wakawasomesha wawiliwawili, kila mmoja na msomaji hodari, wakisoma kwa pamoja kwa sauti huku wakifuatisha kwa kidole. Waliopiga hatua kubwa zaidi ni waliopewa vitabu vya madarasa mawili juu ya uwezo wao, wala si wale waliopewa vya "saizi yao".

La pili, ngazi haijui mtoto anajua nini kuhusu mada. Kuna utafiti wa Donna Recht na Lauren Leslie wa mwaka 1988 ambao kila mwalimu angepaswa kuufahamu. Waliwapa wanafunzi wa darasa la saba na la nane kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Waliokuwa dhaifu wa kusoma lakini wanaujua mchezo walikikumbuka na kukieleza vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua mchezo. Sasa niambieni: kitabu kile kilikuwa cha ngazi ya nani?

Ninao watoto wasioweza kumaliza aya ya hadithi ya sungura, lakini ukiwapa maandishi kuhusu magari wanayapambana hadi neno la mwisho, hata maneno ambayo mimi mwenyewe nayasoma kwa shida.


#7 Mwanzisha uzi

Mwalimu wa darasa la tatu, umenipata, nami nakubali sehemu kubwa ya uliyosema. Nilipoandika kwamba namba zile ni mahali pa kusimama, nilipaswa kuongeza kuwa si mahali pa kulala.

Lakini tazama jambo moja katika utafiti ulioutaja. Watoto wale hawakupewa kitabu kigumu wakaachwa peke yao. Kila mmoja alikuwa na msomaji hodari bega kwa bega. Hilo linanirudisha kwenye swali langu la "na nani". Kitabu cha madarasa mawili juu ni sawa kabisa akiwa na mwenzi, kilekile kikawa mateso akiwa peke yake kwenye mkeka. Kwa hiyo pendekezo lako na kipimo cha Betts sioni kama vinagombana, isipokuwa kwa mwalimu anayetaka mtoto awe na kitabu kimoja tu kwa shughuli zote.

Kuhusu magari, hapo sina la kubisha. Ningeongeza tu kwamba mtoto anayejua mada hubahatisha maneno kwa akili, na kubahatisha kwake kukiwa sahihi tunahisi amesoma. Msikilize mara mojamoja kwenye maandishi asiyoyajua pia.


#8 Mkutubi

Nami niongeze upande wa kitabu chenyewe, kwa sababu mmemjadili mtoto kwa kirefu na kitabu mmekipitia juujuu.

Watu huniuliza kwa nini hatutumii kanuni za kupima ugumu wa maandishi kama ile ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948. Kanuni hiyo huangalia urefu wa sentensi na idadi ya silabi katika neno, na ilitengenezwa kwa Kiingereza, lugha ambamo neno lenye silabi nyingi mara nyingi ni neno gumu. Ukiileta kwenye Kiswahili inatoa vichekesho. "Alikimbia" lina silabi tano na mtoto wa miaka mitatu analielewa. "Siha" lina silabi mbili tu, na sijui watoto wangapi wa darasa la pili wangelieleza. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati, mtendwa na mengine ndani ya neno moja, kwa hiyo urefu wa neno unatuambia jambo jingine: ni silabi ngapi ambazo mtoto atazishika kichwani kabla maana haijafika. Neno "atakapowafungulia" lina silabi tisa. Mtoto anayesoma silabi moja baada ya nyingine, akifika "lia" amekwisha kuisahau "ataka". Kila silabi anaiweza, ila neno limemponyoka.

Kwa hiyo ninapochagua kitabu cha wanaoanza, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni vitenzi. Je, ni "anapika", "analala", "walikula", au ni "hawakutuambia" na "alipomrudishia"? Pili nahesabu silabi za miambatano: "mba", "nda" na "nya" ni za mapema, "ngwa" na "mbwa" huja baadaye, kisha kuna tofauti ya "ngoma" na "ng'ombe" ambayo inawatesa hata wakubwa. Maneno yenye "dh", "gh" na "th" yanahitaji kuwa yamekwisha kufundishwa. Halafu kuna maneno kama "labda" na "daftari", yanayovunja desturi ya silabi kuishia kwa irabu. Mtoto aliyezoea "la-ba-da" anaweza kuliona kama ajali ya kiwandani. Nikikutana na moja au mawili katika kitabu sijali, mwalimu atayatanguliza ubaoni. Yakiwa kila ukurasa, nakipeleka rafu ya juu.

Nimeona pia kosa ambalo wachapishaji hulifanya sana, yaani kuvunja mstari katikati ya wazo. Kwa msomaji mchanga mwisho wa mstari ni mahali pa kupumua. Ukiandika "Mama alimpa mtoto" juu na "maji ya kunywa" chini, anaipata maana. Ukikata "Mama alimpa" juu, halafu "mtoto maji ya" chini, na "kunywa" peke yake ukurasa unaofuata, umeongeza ugumu ambao hauna faida kwa yeyote. Herufi ziwe kubwa, zisipigwe juu ya picha yenye rangi nyingi, na nafasi kati ya maneno ionekane wazi.

Picha nazo zina mtego. Inayosema kila kitu inamfanya mtoto asome picha. Weka karatasi juu ya picha, umsikilize anasomaje bila hiyo. Utajua mara moja.

Jambo la mwisho kwa upande wangu ni kwamba mtoto ajione. Rudine Sims Bishop aliandika mwaka 1990 kuwa vitabu vinaweza kuwa vioo, madirisha na milango ya vioo ya kuteleza: unajiona, unamwona mwingine, au unaingia kabisa katika ulimwengu wake. Rafu yangu ilijaa madirisha, vioo vichache mno. Kwa wasio na vitabu vya kutosha, African Storybook ina hadithi za bure mtandaoni, nyingi zikiwa kwa Kiswahili, nazo zimepangwa kuanzia maneno ya kwanza, sentensi za kwanza, aya za kwanza, hadi aya ndefu na zile za kusomewa kwa sauti. Zisome mwenyewe kwanza kabla ya kuwapa watoto, kwani nyingine zimetafsiriwa na Kiswahili chake kinachechemea.


#9 Mwalimu wa darasa la kwanza

Mkutubi, hilo la kufunika picha limenifumbua macho. Nimelijaribu leo kwa watoto sita, wanne wakanyamaza kimya. Kumbe nilikuwa na wasoma picha hodari.

Mwanzisha uzi, nina swali moja la utaratibu. Nikishayapata hayo makundi manne, vitabu nivipangeje ili watoto wachukue vinavyowafaa bila mimi kusimama pale? Nilifikiria vibandiko vya rangi: nyekundu kwa wanaoanza, njano, kijani, hadi bluu.


#10 Mwanzisha uzi

Niliwahi kufanya hivyohivyo, Mwalimu, na nakuomba ujifunze kwa gharama yangu. Wiki ya kwanza ilikuwa safi kabisa. Wiki ya tatu nilisikia mtoto akimwambia mwenzake wakigombania nafasi ya kuketi, "Wewe ni nyekundu, kaa kule." Waliokuwa kwenye bluu walikuwa wakichukua vitabu vya bluu ambavyo hawakuvifungua, ili tu waonekane wamevishika. Mtoto mmoja wa nyekundu alibandua kibandiko akakificha chini ya dawati. Nilivitoa vyote siku ileile, kazi iliyonichukua mchana mzima kwa sababu gundi ilikuwa nzuri.

Sasa alama naziweka kwa penseli ndani ya jalada la nyuma, nukta moja hadi nne, ni zangu mimi na mkutubi. Vitabu vyenyewe nimevipanga kwa mada katika makasha: wanyama, safari, vichekesho, namna vitu vinavyofanya kazi, watoto kama sisi. Kila kasha lina vyepesi na vizito vimechanganyika. Mtoto anachukua viwili: kimoja anachokitaka kwa moyo wake, hata kama ni kizito mno, na kimoja tulichokichagua pamoja baada ya mimi kumsikiliza. Kile cha moyo anaruhusiwa kukitazama tu, au kumwomba mwenzake amsomee. Hapo wale wa magari wa mwalimu wa darasa la tatu wanapata haki yao.

Makundi nayo usiyaache yagande. Mimi huyapitia kila baada ya wiki sita hivi, kwani wapo wanaoruka hatua mbili kwa mwezi mmoja, na wapo wanaorudi nyuma baada ya likizo ndefu.


#11 Mzazi

Nimerudi kuleta habari. Siku tatu sasa tunasomewa, au niseme ninasoma, na hakuna aliyelia. Jaribio la neno moja katikati ya ukurasa amelifaulu kwa maneno mengi, kwa hiyo kumbe anasoma. Lakini bado anarudia kitabu kilekile cha kuku kila jioni na hataki kuletewa kingine. Nimwondolee?


#12 Mwalimu wa darasa la tatu

Usimwondolee, mzazi. Kurudia kitabu kimoja kunajenga kasi na sauti ya kusoma, ilimradi hakiwi kitabu pekee katika juma zima. Mwambie safari hii akisome kwa sauti ya kuku aliyekasirika, kesho kwa sauti ya kuku mgonjwa. Utaona anaanza kuzingatia alama za mkato na za mshangao ambazo alikuwa akizipita mbio. Kama ana mdogo wake, amsomee yeye.


#13 Mwanzisha uzi

Naunga mkono. Na ukipata nafasi, weka kando ya hicho cha kuku kitabu kingine cha ndege au cha wanyama wa kufugwa chenye maneno mengi ambayo tayari anayajua kutoka kwenye kile cha kuku: "yai", "kiota", "mabawa", "aliruka". Usimwambie akisome. Kiache kitandani kikiwa kimefunguliwa ukurasa wenye picha, kisha ujishughulishe na mambo mengine.